Saa Tisa Usiku, 1 Januari 1970

Umeme ulikatika usiku na umerudi alfajiri. Katika duka la stesheneri lenye kompyuta mbili za mezani, mhudumu anawasha mashine na kufuta vumbi kwenye kioo, huku mteja wa kwanza ameshaketi. Ana fomu ya kujaza mtandaoni, na leo ndiyo siku ya mwisho kuituma. Anaandika anwani ya tovuti, lakini kivinjari kinamletea ukurasa wa onyo: muunganisho huu si salama.

“Dada, mtandao hakuna leo?”

“Upo, kaka. Ni tarehe tu hiyo.”

Mhudumu anainama na kubofya kwenye kona ya chini ya kioo. Kompyuta inadai kwamba leo ni 1 Januari 2009. Anaweka tarehe ya kweli, anafungua tovuti upya, nayo inafunguka bila ubishi. Umeme ukikatika tena wiki ijayo, atarudia kazi hiyo hiyo, mpaka siku atakapokuja fundi na betri ndogo ya mviringo inayofanana na sarafu.

Wengi wameshuhudia jambo hili bila kujiuliza kwa nini tarehe mbovu ifunge mlango wa tovuti. Sababu ni kwamba kila tovuti yenye kufuli hubeba cheti cha usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kwisha. Kivinjari kinachoamini kuwa ni mwaka 2009 hukutana na cheti kilichotolewa miezi michache iliyopita na kukiona kama kitu kinachotoka siku zijazo. Kinakikataa, na kwa kadiri ya ufahamu wake kina haki ya kukikataa.

Kompyuta inapowaka huwa haijui mambo mawili ambayo binadamu anayeamka huyajua kabla hata hajafumbua macho. La kwanza ni saa ngapi. La pili ni jinsi yeye anavyotofautiana na wenzake. Mashine elfu moja zilizotoka kiwanda kimoja zikiwa na programu ile ile, zikiwashwa, hupita hatua zile zile kwa mpangilio ule ule, na mwanzoni hakuna hata moja yenye kitu chake peke yake. Swali la kwanza huleta usumbufu dukani. La pili limewahi kuacha wazi milango ya maelfu ya vifaa duniani kote bila wenyewe kujua.

Saa ndani ya kompyuta ni kitu cha kawaida kabisa. Kwenye ubao mama kuna fuwele ndogo ya kwatzi iliyochongwa kwa umbo la uma wenye meno mawili. Ikipewa umeme kidogo, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ilichaguliwa kwa makusudi: ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 15, hivyo sakiti nyepesi ikiigawa kwa mbili mara 15 hupata pigo moja kwa kila sekunde. Saa nyingi za mkononi za betri hutumia fuwele ya aina hiyo hiyo. Kompyuta inapozimwa, fuwele huendelea kutetemeka kwa nguvu ya betri iitwayo CR2032, yenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Betri hiyo ikichoka, hesabu hukatika kila mara umeme unapoondoka, na mashine hurudi kwenye tarehe iliyowekwa na aliyeitengeneza.

Kompyuta binafsi ya kwanza ya IBM, iliyotoka 1981, haikuwa na saa ya namna hiyo kabisa. Kila ilipowashwa ilimuuliza mtumiaji tarehe na saa, na asiyejibu ilimhesabia kwamba ni 1 Januari 1980. Saa yenye betri ilikuja kuwa sehemu ya kawaida ya mashine hizo kwenye modeli ya AT ya 1984.

Simu, ruta na seva nyingi hazianzii 1980 wala 2009. Zenyewe hufuata desturi ya mfumo endeshi wa Unix, ambao huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia. Kifaa kisichojua wakati huwa na sifuri katika hesabu yake, na sifuri hiyo ikiandikwa kama tarehe inasomeka 1 Januari 1970. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ambao wako saa tatu mbele ya saa ya dunia, ni saa tisa kamili usiku. Mtu wa Kigali, Bujumbura au Lubumbashi ataona saa nane usiku, na wa Muscat saa kumi alfajiri. Mwenye simu iliyowahi kumwonyesha picha au ujumbe wa tarehe hiyo asidhani ni kumbukumbu ya zamani. Alikuwa anatazama sifuri.

Sifuri hiyo ina madhara yake. Februari 2016 watumiaji wa iPhone waligundua kwamba kurudisha tarehe ya simu hadi 1 Januari 1970, kisha kuizima na kuiwasha, kuliifanya isiwake tena. Apple ilikiri kwamba kuweka tarehe ya Mei 1970 au ya kabla ya hapo kungeweza kuizuia simu kuwaka, na ikatoa marekebisho katika toleo la 9.3 la mfumo wake mwezi uliofuata.

Kwa hiyo mfumo endeshi uliotengenezwa vizuri hauanzi kwa kuuliza tarehe. Huanza na hesabu nyingine kabisa, ya muda uliopita tangu kuwaka. Anayetazama kumbukumbu za kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, huona kila mstari umetanguliwa na namba kwenye mabano. Mistari ya mwanzo ina 0.000000. Baadaye huja sehemu za sekunde, kisha sekunde kamili. Hesabu hii haijali kama ni Jumatatu au Idi, na hairudi nyuma hata mtu akibadili tarehe. Kazi nyingi za mwanzo, kama kusubiri diski ijibu au kupanga ipi ianze kabla ya ipi, huhitaji hii tu.

Nayo pia lazima ipatikane kutoka mahali fulani. Prosesa ina kihesabio kinachopanda kwa kasi kubwa sana, lakini kasi hiyo hutofautiana kati ya prosesa na prosesa, na mara nyingine kerneli haiambiwi ni ipi. Ndipo inapobidi kupima: kerneli husoma kihesabio, husubiri kipande kidogo cha muda kwa kufuata saa nyingine ya zamani inayojulikana, kisha husoma tena na kugawanya. Saa ya zamani iliyotumika kwa miongo mingi kwenye kompyuta za ukoo wa IBM hupiga mara 1,193,182 kwa sekunde. Namba hiyo isiyo na umbo ina historia. Wahandisi wa IBM walitumia fuwele iliyokubaliana na mawimbi ya rangi ya televisheni za Marekani, kisha wakaigawa kwa 12. Ndiyo maana hata kompyuta zisizowahi kukaribia televisheni ya Marekani zilirithi pigo hilo.

Hesabu ya muda tangu kuwaka ikishapatikana, kerneli huisoma saa ya betri, kama ipo, na kupata tarehe. Hapa kuna kero inayowapata wengi wa Afrika Mashariki wanaoweka Windows na Linux kwenye kompyuta moja. Kwa kawaida Windows huichukulia saa ya ubao mama kuwa ni saa ya mahali ilipo, na Linux huichukulia kuwa ni saa ya dunia. Mtu wa Mombasa aliyefanya kazi kwenye Linux, akihamia Windows, hukuta saa imebaki nyuma kwa saa tatu kamili: ni saa nne asubuhi, nayo inaonyesha saa moja. Saa haijaharibika. Mifumo miwili inasoma namba moja kwa maana mbili.

Je, kifaa kisicho na saa ya betri kabisa? Vipo tele. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa 2012 na inayotumika sana mashuleni na kwenye miradi ya vifaa vya kupima hali ya hewa au maji, haikuwa na saa hiyo mpaka toleo la 5 la mwaka 2023, na hata hilo betri yake hununuliwa kando. Ruta nyingi za nyumbani nazo hazina.

Dawa iliyopatikana ni nyepesi, na inastahili sifa. Kuna programu inayoandika tarehe kwenye faili kila saa na wakati wa kuzima. Kifaa kikiwaka, huisoma faili hiyo na kuanzia hapo. Haitakuwa saa sahihi, kwa sababu kama kifaa kilizimwa siku mbili, kitaamka kikiwa nyuma siku mbili. Lakini cheti kilichokubalika juzi kwa kawaida bado kinakubalika, na mafaili mapya hayataonekana ya zamani kuliko yale ya jana. Programu ya systemd, inayosimamia kuwaka kwa mifumo mingi ya Linux, huongeza hatua nyingine: ikikuta tarehe iliyo nyuma ya siku yenyewe ilipotengenezwa, husogeza saa hadi siku hiyo. Haiwezekani programu iwe inaendeshwa kabla ya kuzaliwa kwake.

Baada ya hapo huulizwa mtandao. Itifaki ya NTP, kazi ya David Mills, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Delaware, ilichapishwa mara ya kwanza 1985 na mpaka leo ndiyo inayosawazisha saa nyingi duniani. Kifaa huuliza seva ya saa, hupima muda ambao swali na jibu vimetumia njiani, kisha hujirekebisha.

Tatizo ni kufika kwenye hiyo seva. Jina lake lazima libadilishwe kuwa namba ya anwani, na huduma ya majina ikilindwa kwa sahihi za kidijitali, sahihi hizo zina muda wake wa kutumika. Kifaa kinachodhani ni 1970 huzikataa. Hakipati anwani, kwa hiyo hakipati saa, kwa hiyo kitaendelea kuzikataa. Hata NTP mpya yenye ulinzi, iliyowekewa kanuni mwaka 2020, hutegemea vyeti vyenye tarehe. Ni mlango uliofungwa na ufunguo wake umesahaulika ndani. Wanaotengeneza ruta hulazimika kuchagua: ama kulegeza ukaguzi kwa dakika ya kwanza, ama kubeba saa ya kukadiria kutoka kwenye faili. Ile ya pili ndiyo njia ya heshima kwa mtumiaji, kwani kulegeza ukaguzi hata kwa dakika moja ni kumkaribisha mdanganyifu anayejua kuisubiri dakika hiyo.

Swali la pili, la jinsi mashine inavyotofautiana na wenzake, ndilo lenye hatari kubwa zaidi, na lilichelewa kueleweka.

Mwaka 2012 watafiti wanne kutoka vyuo vikuu vya Michigan na California, San Diego, yaani Nadia Heninger, Zakir Durumeric, Eric Wustrow na J. Alex Halderman, walikusanya funguo za hadharani za mashine zilizokuwa kwenye intaneti: vyeti tofauti milioni 5.8 vya tovuti na vifaa, na funguo tofauti milioni 6.2 za SSH, njia inayotumiwa na mafundi kuingia kwenye seva kutoka mbali. Kisha wakafanya hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaijua. Walitafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika.

Ufunguo wa aina ya RSA hutengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa mno. Zao lake hutangazwa kwa kila mtu, na namba tasa zenyewe hubaki siri. Kulivunja zao hilo ili kupata namba zilizozidishwa ni kazi isiyomalizika kwa kompyuta za leo. Lakini chukua mfano wa namba ndogo. Ruta moja ina ufunguo 91, nyingine ina 119. Mtu hahitaji kuvunja yoyote kati yake. Anatoa 91 kutoka 119, anapata 28. Anatoa 28 kutoka 91 mara tatu, anabaki na 7. Anaijaribu 7 ndani ya 28, inaingia bila baki. Basi 7 ndicho kigawo chao cha pamoja, na siri zote mbili zimefichuka kwa mpigo: 91 ni 7 mara 13, na 119 ni 7 mara 17. Njia hii ya kutoa na kutoa ilielezwa na Euclid zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na hata kwa namba zenye tarakimu mamia kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua.

Namba tasa za ukubwa unaotumika kwenye funguo ni nyingi kuliko mtu awezavyo kufikiria. Mashine mbili zikichagua kwa nasibu ya kweli, yaani bila mpangilio unaotabirika, haitatokea zikaangukia moja. Watafiti walikuta zimeangukia moja mara nyingi kiasi kwamba waliweza kupata funguo za siri za asilimia 0.50 ya mashine zote zenye vyeti walizozipima. Asilimia hiyo inaonekana ndogo, ila ni makumi ya maelfu ya vifaa. Kwa upande wa SSH, udhaifu wa namna hiyo hiyo kwenye funguo za aina nyingine, DSA, uliwafichulia siri za asilimia 1.03 ya mashine. Vingi vya vifaa hivyo havikuwa seva za benki. Vilikuwa ruta, vizuizi vya mtandao na vifaa vya kusimamia seva kutoka mbali, vitu vinavyotengeneza ufunguo wao vinapowashwa kwa mara ya kwanza kabisa.

Jinsi kosa lilivyotokea ndipo maswali yale mawili yanapokutana. Ruta mbili pacha zinawashwa. Zina programu moja, hazina kibodi, hazina kipanya, na hazina diski inayozunguka. Programu ya kutengeneza ufunguo inaomba namba za nasibu, na kwa kuwa mashine zote mbili zimepita njia ile ile, zinapewa namba zile zile. Zote zinapata namba tasa ya kwanza inayofanana. Wakati huo programu huchanganya ndani ya nasibu yake saa ya sasa kwa sekunde. Kwenye ruta moja sekunde inabadilika kabla ya namba ya pili kutafutwa. Kwenye nyingine sekunde inabadilika baadaye kidogo, au haibadiliki. Kuanzia hapo njia zao zinaachana na namba tasa ya pili inakuwa tofauti. Matokeo yake ni funguo mbili zinazotofautiana kwa macho na kushiriki siri moja ndani. Kama sekunde isingebadilika kabisa, funguo zingelingana moja kwa moja na mtu angeweza kushtuka. Tofauti ndogo ya saa iliuficha ugonjwa.

Kwa kawaida kerneli hupata nasibu kutoka nje yake. Tangu 1994, Theodore Ts'o alipoiandikia Linux sehemu ya kazi hiyo, kerneli imekuwa ikipima vipindi kati ya matukio: kidole kilipobonyeza kibodi, diski ilipojibu, pakiti ya mtandao ilipofika. Vipande vidogo vya mwisho vya vipimo hivyo havitabiriki, navyo hukusanywa na kukorogwa pamoja. Kompyuta ya mezani yenye mtu mbele yake hushiba haraka. Ruta iliyokaa peke yake darini ina njaa, na ina njaa zaidi katika sekunde zile za mwanzo inapotakiwa kutengeneza ufunguo itakaoutumia kwa miaka.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kila kifaa kisitumie namba yake ya kiwandani? Kila kadi ya mtandao ina anwani yake, na kwa kawaida hazifanani. Baada ya utafiti ule, Linux ilianza kweli kuchanganya anwani na namba za kifaa kwenye nasibu yake, na ilikuwa hatua nzuri. Lakini kuwa wa pekee na kuwa siri ni mambo mawili. Namba ya usajili ya gari ni ya gari moja tu, na kila mpita njia anaisoma. Anwani ya kadi ya mtandao hutofautisha ruta mbili pacha zisipate ufunguo mmoja, ila yule anayeijua anwani hiyo anaweza kukisia yaliyotokana nayo. Ufunguo unahitaji vyote viwili, na wengi wanaobuni vifaa vya bei nafuu wamesimama kwenye kimoja tu.

Mfano mbaya kuliko yote ulikwisha kutokea kwenye Debian, mfumo wa ukoo wa Linux. Mwaka 2006 mistari michache iliondolewa kwenye OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo ya mfumo huo, na ilipofika Mei 2008, Luciano Bello alipogundua kosa, ilibainika kwamba kitu pekee kilichokuwa kikitofautisha ufunguo na ufunguo ni namba ya mchakato uliokuwa ukiendeshwa. Namba hizo hazikuzidi 32,768. Yeyote angeweza kutengeneza funguo zote zinazowezekana akazihifadhi na kuzijaribu moja moja.

Basi kwa nini kerneli isikatae tu kutoa namba mpaka ishibe? Ilijaribiwa, na mwaka 2014 Linux ilipata njia rasmi ya programu kuomba nasibu na kusubirishwa iwapo bado haijatosha. Septemba 2019 njia hiyo ilitoa somo lisilotarajiwa. Mabadiliko kwenye mfumo wa mafaili yalipunguza idadi ya mara ambazo diski ilisomwa wakati wa kuwaka. Yalikuwa maboresho halali kabisa: kazi ile ile kwa jasho kidogo. Lakini matukio ya diski yalipopungua, nasibu nayo ilipungua, na kwenye kompyuta fulani kuwaka kulikwama kabla ya ukurasa wa kuingilia. Programu ilikuwa inasubiri nasibu, na nasibu ilikuwa inasubiri kitu chochote kitokee. Hakikutokea kitu, kwa kuwa kila mtu alikuwa anasubiri.

Linus Torvalds aliyaondoa kwanza mabadiliko hayo, kisha katika toleo la 5.4 akaweka njia nyingine. Nasibu ikipungua, kerneli hujipa kazi za kurudiarudia na kupima jinsi muda wa kila mzunguko unavyoyumba kwa vipande vidogo sana vya sekunde. Prosesa za leo ni changamano kiasi kwamba kuyumba huko hakutabiriki kwa urahisi. Saa, ambayo mwanzoni ilikuwa tatizo, imegeuzwa kuwa chanzo cha nasibu.

Prosesa mpya zina pia amri ya kutoa nasibu moja kwa moja. Intel iliileta 2012 kwa jina la RDRAND. Hata hivyo kuitegemea peke yake kumewahi kuumiza. Julai 2019 AMD ilipotoa prosesa za Ryzen 3000, amri hiyo ilikuwa ikirudisha jibu moja kila ilipoulizwa: biti zote zikiwa 1, yaani 4,294,967,295. Prosesa ilidai jibu ni sahihi. Wakati huo systemd ilikuwa inatumia amri hiyo kutengeneza vitambulisho vya kipekee vya huduma inazoziwasha. Kila huduma ikapewa kitambulisho kile kile, na mifumo mipya ya Linux ikashindwa kuwaka kwenye mashine mpya kabisa hadi AMD na watengenezaji wa bodi walipotoa marekebisho. Tangu hapo hoja ya wataalamu waliokuwa wakisisitiza kuchanganya vyanzo vingi imekuwa ngumu kupingwa: kikidanganya kimoja, vingine viokoe.

Chanzo kimojawapo cha kutegemewa ni kumbukumbu, kama ilivyokuwa kwa saa. Mfumo ukizimwa, huandika kwenye diski kipande cha nasibu kiitwacho mbegu. Ukiwaka, huimeza mbegu hiyo na papo hapo huandika mpya juu yake, ili umeme ukikatika ghafla mbegu ile ile isimezwe mara ya pili. Mfumo endeshi wa OpenBSD husoma mbegu mapema zaidi, hata kabla kerneli haijaanza, kwa kuiachia programu ya kuwashia kazi hiyo. Ni utaratibu mzuri kwa kifaa kilichokwisha kuwaka mara moja. Kifaa kinachotoka kiwandani hakina mbegu ya jana, isipokuwa mtengenezaji aweke tofauti kwa kila kimoja. Akinakili mbegu moja kwenye vifaa vyote, amerudisha upacha ule ule kwa mlango wa nyuma.

Na upacha huo hauhitaji kiwanda. Huletwa na fundi wa kawaida anayeandaa maabara ya kompyuta za shule au seva za kampuni. Anatengeneza mashine moja vizuri, ananakili diski yake, anaimwaga kwenye nyingine 20. Ameokoa siku nzima. Pamoja na programu amenakili faili iitwayo /etc/machine-id, yenye herufi na tarakimu 32, ambayo Linux huiandika mara ya kwanza inapowaka ili mashine ijitambue. Mitandao mingine hugawa anwani kwa kutegemea kitambulisho kinachotokana na faili hiyo. Mashine zote 20 hujitambulisha kwa jina moja, na seva ya anwani huzipa anwani moja. Moja ikiingia mtandaoni, nyingine inatupwa nje. Fundi hubadilisha nyaya, hubadilisha swichi, hulaumu kampuni ya intaneti. Kibaya zaidi hakionekani kabisa: funguo za SSH nazo zimenakiliwa, na aliyeiba siri ya mashine moja ameiba za zote.

Kwa hiyo kwa mafundi wanaonakili diski, ombi ni hili. Kabla ya kuchukua nakala, iache /etc/machine-id iwe tupu, futa funguo za SSH za seva pamoja na mbegu ya nasibu iliyohifadhiwa, na hakikisha kila mashine inatengeneza vya kwake inapowaka. Mwenye ruta au kamera ambayo haijawahi kusasishwa tangu siku ilipotolewa kwenye boksi, aisasishe kwanza, kisha aamuru itengeneze funguo upya, ikiwa tayari imeshawaka kwa muda na kupitisha mtandao wa kutosha. Na yule mhudumu wa stesheneri anayerekebisha tarehe kila umeme unapokatika, anahitaji CR2032 moja tu, iliyoandikwa volti 3, na kazi yake ya kila asubuhi itakuwa imekwisha.